Mikutano ya Isimu na Lugha za Buna: Tahakiki ya Mipaka ya Utafiti

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki jinsi utafiti wa lugha za kaskazini-mashariki ya Kenya ulivyogawanywa katika mikutano ya wanaisimu, na kuonyesha kwamba mgawanyo huo umetuzuia kuiona hali halisi ya lugha katika mahali kama Buna. Hatukusudii kurudia lile lalamiko la siku nyingi kwamba mikutano hufanyika mbali na kwamba nauli ni ghali. Lalamiko hilo lina ukweli wake, lakini halifiki kwenye shina la tatizo. Hata kama mwanaisimu wa Kenya angelipiwa nauli ya kwenda katika kila mkutano, bado ingekuwa vigumu kwake kukuta humo meza ambapo lugha za Buna hujadiliwa kwa pamoja kama zinavyosemwa kwa pamoja.

Buna ni mji mdogo katika Kaunti ya Wajir, kando ya barabara itokayo mji wa Wajir kwenda Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Katika mji huo na viunga vyake wanaishi Waajuran. Katika eneo zima la Wajir Kaskazini wapo pia Wagarre na Wadegodia, na Waborana ni majirani zao. Waajuran wengi wa upande huu husema Kiborana, ambacho ni lahaja ya Kioromo, na wengi wao husema Kisomali pia. Hali hii imetokana na ujirani na muungano wa kale na Waborana. Mtoto wa hapo husoma Kurani kwa Kiarabu, kisha akaingia shule ambayo humtaka ajue Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo lugha tano zinakutana katika kinywa cha mtoto mmoja kabla hajatimiza miaka kumi. Suala tunalolizungumzia hapa ni hili: je, taaluma yetu ina mahali pa kumweka mtoto huyo?

Kazi zilizokwisha kufanywa

Hakuna awezaye kudai kwamba eneo hili halijaandikwa. Mwaka 1974 kilitolewa kitabu cha Language in Kenya, kilichohaririwa na W. H. Whiteley, ambacho kilikuwa sehemu ya uchunguzi mpana wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1978 Bernd Heine alitoa uchunguzi wake wa lugha alizoziita za Sam, yaani Kisomali, Kirendille na Kiboni, ambacho wenyewe hukiita Kiaweer. Mwaka 1980 Heine na Wilhelm Möhlig walianza kutoa majuzuu ya atlasi ya lugha na lahaja za Kenya. Mwaka 1987 Harry Stroomer alichapisha ulinganisho wa lahaja tatu za Kioromo cha kusini, yaani Kiborana, Kiorma na Kiwaata. Na mwaka 1989 Günther Schlee, ambaye ni mtaalamu wa ethnografia, alitoa kitabu cha Identities on the Move, kinachohusu koo na ufugaji katika Kenya ya kaskazini.

Kazi hizi zina thamani kubwa, na yeyote anayefundisha isimu historia katika vyuo vyetu hana budi kuzitegemea. Uchunguzi wa Heine, kwa mfano, uliisaidia hoja kwamba asili ya wasemaji wa Kisomali isitafutwe kwenye pwani ya Ghuba ya Aden peke yake, bali itazamwe upande wa kusini, karibu na nchi wanakoishi Warendille na Waaweer hadi leo. Hoja hiyo ilibadili historia iliyokuwa ikisomwa kwa mazoea.

Hata hivyo, mbinu iliyotumika katika kazi za kiisimu tulizozitaja ina upungufu wake. Mbinu hiyo huanza na jina la lugha. Mtafiti huchagua lugha yenye jina linalojulikana, humtafuta msemaji anayehesabiwa kuwa msemaji halisi wa lugha hiyo, kisha huziondoa sauti na maneno ya jirani kama mtu apetaye mchele. Kwa mtu anayetaka kujenga mti wa nasaba wa lugha, upepetaji huo ni wa lazima. Lakini huko Buna, kile kinachopepetwa na kutupwa ndiyo lugha yenyewe. Kiborana cha Waajuran hakimo katika yale majina matatu ya Stroomer, na wala hatuwezi kumlaumu kwa hilo, kwani kitabu hakiwezi kubeba kila kitu. Tunachosema ni kwamba msemaji wa Kiborana anayeitwa Msomali hutoka nje ya mpango wa utafiti unaoanza na majina.

Ni jambo la kutafakari kwamba mtaalamu wa ethnografia ndiye aliyeliona jambo hili wazi kuliko wanaisimu. Schlee alionyesha kwamba koo zilezile zinapatikana miongoni mwa Warendille, Wagabra, Wasakuye na baadhi ya Wagarre, ingawa makundi hayo hayasemi lugha moja. Ikiwa ukoo mmoja unaweza kuvuka mipaka ya lugha kadhaa, basi lugha nayo inaweza kuvuka mipaka ya koo, na mwanaisimu anayetumia jina la kabila kama jina la lugha anaujenga ushahidi wake juu ya mchanga.

Meza mbili

Tukitoka kwenye vitabu tukaingia kwenye mikutano, tunakuta mgawanyo uleule umefanywa kuwa taratibu. Taaluma ya Kisomali ina jumuiya yake na mikutano yake. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa taaluma za Kisomali ulifanyika Mogadishu mwaka 1980, miaka minane tu baada ya Somalia kukubali rasmi hati ya Kilatini mwaka 1972, na wa pili ukafanyika Hamburg mwaka 1983. Wachunguzi wa lugha za Kikushi na Kiomotiki nao wana mfululizo wao: walikutana Köln mwaka 1986, Berlin mwaka 1994, Leiden mwaka 2003 na Paris mwaka 2008. Katika mfululizo huu wa pili, Kisomali na Kioromo huweza kuwa chini ya paa moja, lakini kila kimoja huja kama tawi la mti. Sarufi ya Kisomali husomwa asubuhi na sarufi ya Kioromo husomwa alasiri. Kiswahili hakina nafasi humo, kwa kuwa si Kikushi. Nacho kina makongamano yake, ambamo Wajir hutajwa kwa nadra sana.

Msomaji anayejua historia ya nchi hii atakumbuka mpaka mwingine unaofanana na huu. Serikali ya kikoloni iliweka katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini mstari ulioitwa wa Wasomali na Wagalla, hili la pili likiwa jina walilopewa Waoromo na wageni na ambalo wenyewe hawalikubali. Mstari huo, uliokazwa zaidi katika miaka ya 1930, ulikusudiwa kuamua nani alishe wapi na nani anywe kisima gani. Waajuran waliwatatiza maofisa kwa sababu walifaa pande zote mbili. Hatudai kwamba wanaisimu waliurithi mstari huo kwa kukusudia. Lakini ofisa aliyeuliza, "Huyu ni Msomali au Mborana?" na mwanaisimu anayeuliza, "Mkutano huu ni wa Kisomali au wa Kioromo?" wanauliza swali lenye sura moja, na wote wawili hawako tayari kupokea jibu la "vyote viwili".

Fedha za utafiti nazo hufuata njia hiyo. Tangu kuanzishwa kwa mpango wa ELDP mwaka 2002, fedha nyingi za uwekaji kumbukumbu zimeelekezwa kwa lugha zilizo hatarini kutoweka, na ni haki kabisa kwamba lugha kama Kiaweer na Kielmolo zisaidiwe kabla ya wazee wa mwisho kuondoka. Lakini Kisomali na Kioromo zina mamilioni ya wasemaji, kwa hiyo haziwezi kuomba kwa hoja ya hatari. Ile hali ya Buna, ambamo lugha mbili kubwa huishi ndani ya msemaji mmoja, si lugha iliyo hatarini na si lugha yenye jina. Hivyo haingii katika fomu yoyote ya maombi.

Mfano wa Asia ya Kusini-Mashariki

Huenda mtu akasema kwamba mgawanyo kwa nasaba ndio utaratibu wa sayansi wala hauwezi kuepukwa. Ili kulijibu hilo, tutazame eneo lingine la dunia lenye milima, mipaka, vita vya karne iliyopita na lugha zilizochanganyikana kuliko zetu.

Mwaka 1991 wanaisimu wa Asia ya Kusini-Mashariki waliunda jumuiya yao, wakafanya mkutano wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Wayne State huko Detroit, Marekani. Walianza, kama wengi wengine, mbali na watu waliowachunguza. Lakini walifanya mambo mawili yanayostahili kuigwa. Kwanza, walilifanya eneo, wala si nasaba, kuwa msingi wa jumuiya. Katika mkutano mmoja mchunguzi wa Kikhmer huketi pamoja na mchunguzi wa Kithai, wa Kihmong, wa Kiburma na wa Kimalei, ingawa lugha hizo ni za familia tano tofauti. Jambo linalowakutanisha ni kwamba lugha hizo zimeishi jirani na kuambukizana toni, miundo ya sentensi na maneno. Pili, waliihamisha mikutano. Mwaka 2001 walikutana Bangkok, na tangu hapo wamekutana mara nyingi katika nchi za eneo lenyewe, kama vile Yangon mwaka 2014. Mwaka 2009 walianza kutoa jarida lao.

Wenzao wa lugha za Kiaustronesia, walioanza mikutano yao Honolulu mwaka 1974, walifika hata karibu na mlango wetu. Mkutano wao wa kumi na nne ulifanyika Antananarivo, Madagaska, mwaka 2018, baada ya miaka 44. Kimalagasi, kama Otto Christian Dahl alivyoonyesha mwaka 1951, kina undugu na Kimaanyan cha Borneo. Hata hivyo majina yake ya wanyama wa kufugwa yanatambulika mara moja kwa Mswahili: omby ni ng'ombe, ondry ni kondoo, akoho ni kuku, amboa ni mbwa. Maneno haya yalichukuliwa kutoka lugha za Kibantu za pwani ya Afrika ya Mashariki. Hapa pana swali linaloihusu moja kwa moja historia ya Kiswahili na jamaa zake wa Kisabaki, nalo limelelewa zaidi na wataalamu wa Kiaustronesia. Sisi tumeliacha kwa sababu Kimalagasi si Kibantu. Ni kosa lilelile la Buna, isipokuwa hapa liko baharini.

Kinachopotea

Mtu anaweza kuuliza: wanabuna wenyewe wanapoteza nini, hata kama wanaisimu wameketi kwenye meza mbili? Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa tahajia. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya elimu ya Kenya imependekeza kwamba lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 nao unatoa nafasi kwa lugha za asili katika madarasa hayo. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali iendeleze na kulinda wingi wa lugha za wananchi. Sasa, lugha ya eneo la Buna ni ipi? Na hata ikichaguliwa, itaandikwa vipi? Katika tahajia ya Kisomali herufi c ni ile sauti ya kooni ambayo Waarabu huiandika kwa ain, kama katika caano, yaani maziwa. Katika tahajia ya Qubee, iliyokubaliwa kwa Kioromo nchini Ethiopia mwaka 1991, herufi hiyohiyo ni aina ya ch inayotamkwa koo likiwa limefungwa, kama katika cabsuu, yaani kuvunja. Herufi x katika Kisomali ni ha nzito ya kooni, kama katika xoolo, yaani mifugo. Katika Qubee ni aina ya t inayotemwa kwa nguvu, kama katika xiqqaa, yaani -dogo. Kila tahajia ni nzuri ikisimama peke yake, na kila moja ilitungwa na watu waliojua kazi yao. Lakini hakuna aliyeitunga akimfikiria mtoto anayesema lugha zote mbili, ambaye maziwa kwake ni caano kwa jirani mmoja na aannan kwa jirani mwingine. Tatizo hili halina mwenyewe: kwa wataalamu wa Kisomali, ni la Kioromo, na kwa wataalamu wa Kioromo, ni la Kisomali.

Mfano wa pili unahusu Kiswahili, ambacho ni kazi yetu wenyewe. Kisomali hakina sauti p wala v wala z. Mwalimu anayesahihisha insha huko Wajir hukutana na bolisi kwa polisi na fiatu kwa viatu, naye huweka alama nyekundu na kupita. Kwa mwanaisimu, alama hiyo ingekuwa mwanzo wa kazi. Kioromo kina p inayotemwa, ambayo Kisomali hakina. Je, mwanafunzi ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiborana huikosea p ya Kiswahili kwa namna ileile na yule wa Kisomali? Na yule mwenye lugha zote mbili hufuata ipi? Swali hili halihitaji maabara ya ng'ambo. Linahitaji mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kinasasauti, na ruhusa ya wazazi na walimu. Jibu lake lingefaa katika vitabu vya kiada na lingefaa pia katika nadharia ya ujifunzaji wa lugha ya tatu.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Katika sensa ya mwaka 2009, Ajuran, Degodia na Garre waliorodheshwa chini ya Wasomali wa Kenya. Kwa mpangilio wa kisiasa huenda hilo lina maana yake, na wengi wa wahusika wenyewe hujiita hivyo. Lakini takwimu za makabila huchukuliwa na wapangaji kuwa takwimu za lugha, na papo hapo Kiborana cha Buna hufutika kwenye karatasi. Tukumbuke tena kwamba eneo hili lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Mwezi Februari 1984, wanaume wa Kidegodia walikusanywa na askari katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi wakauawa. Waliochaguliwa walichaguliwa kwa ukoo wao. Mtafiti anayefika na daftari akauliza, "Wewe ni wa ukoo gani, na lugha yako ni ipi?" anauliza swali ambalo kwa mzee wa huko halijawahi kuwa la kitaaluma tu. Mtafiti asiyeyajua hayo ataandika kwamba msailiwa alisitasita, na ataudhani usitaji huo kuwa ni udhaifu wa kumbukumbu.

Pingamizi

Zipo pingamizi mbili za kweli ambazo hatuna budi kuzijibu. Ya kwanza ni ya usalama. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika chuo cha Garissa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayewaita wageni kwenye kongamano bila kulifikiria jambo hilo. Lakini chuo hicho kilifunguliwa tena, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wahadhiri wanafundisha humo na wanafunzi wanasoma humo. Ikiwa mahali panafaa kwa kufundishia, ni vigumu kueleza kwa nini pasifae kwa warsha ya siku mbili.

Pingamizi ya pili ni ya kiwango. Husemwa kwamba mkutano mdogo wa eneo utashusha ubora, kwa kuwa hautakuwa na wahakiki wa kimataifa. Katika maktaba ya chuo cha ng'ambo nilikosomea shahada ya uzamili, vitabu kuhusu Kenya ya kaskazini vilijaza rafu nzima, na ubora wa mengi yaliyomo hauna shaka. Lakini yako maswali ambayo mhakiki wa mbali hawezi kuyauliza. Mwalimu wa Buna ndiye anayeweza kusimama na kusema, "Neno hilo hatulisemi hivyo, hivyo husemwa Moyale." Sahihisho la namna hiyo ni sehemu ya ubora, na katika mikutano yetu ya kawaida halipo.

Hitimisho

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika utafiti wa lugha za kaskazini-mashariki mgeni amekuja mara nyingi, amepokewa, amepewa chai na maziwa ya ngamia, na ameondoka na maneno. Mwenyeji bado anangoja sehemu yake. Hatusemi mgeni asije. Tunasema mpango wa mikutano ubadilike ili kuja kwake kuwe na faida kwa pande zote.

Tunapendekeza, basi, kwamba idara za Kiswahili na lugha za Kiafrika zishirikiane na Chuo Kikuu cha Garissa kuanzisha warsha ya lugha za eneo, itakayozichukua Kisomali, Kioromo, Kiaweer, Kirendille, Kipokomo na Kiswahili kuwa uwanja mmoja wa utafiti. Makala yasomwe kwa Kiswahili pale inapowezekana, ili walimu wa shule za msingi wayafuate, na nakala ya kila kazi iliyofanywa Wajir iwekwe Wajir. Idara zisiongojee fedha za nje kwa hatua ya kwanza. Hatua hiyo iwe ile kazi ndogo tuliyoieleza: kukusanya matamshi ya Kiswahili ya wanafunzi wa Buna, yakipangwa kwa lugha wanazozisema nyumbani kama wanavyozitaja wao wenyewe, hata wakizitaja mbili.